Vyoo Viwili kwa Bibi Mmoja

Nyumba yangu ya Maisaka, hapa Babati, ina vyoo viwili vya nje, kimoja cha wanaume na kingine cha wanawake, nami naishi peke yangu. Mgeni akiuliza namwambia ukweli: vilijengwa kwa ajili ya msiba wangu. Wengine hucheka wakidhani ni utani wa mwalimu mstaafu. Sitanii. Wanangu walichimba mashimo mawili, wakasawazisha uwanja, wakabandika marumaru sebuleni, wakanipeleka kupigwa picha, na katika hayo yote hakuna aliyefikiria kunipeleka nikatolewe damu nipimwe.

Nina miaka sitini na tisa. Nilifundisha shule za msingi hapa hapa mjini mpaka nikastaafu. Mume wangu alifariki muda mfupi baadaye, nikabaki na shamba letu la Mutuka, mahindi na mbaazi. Kila msimu nilipalilia pamoja na vibarua, nao walinung'unika kwamba mwalimu hajui saa ya kupumzika. Jioni nilirudi nimechoka ule uchovu mzuri, nikaoga, nikala makande yangu na kulala fofofo. Sikuona kama nateseka. Hayo ya kuteseka niliambiwa na watu.

Halafu msimu mmoja mwili ukanigeuka. Nilianza kusikia baridi. Si baridi ya Juni, ile tunaijua. Mimi nilikuwa navaa sweta mbili mchana wa jua kali, vidole bado vya barafu. Ngozi ikakauka na kupukutika. Tumbo likafunga. Asubuhi niliamka macho yamevimba, na sauti ikawa nzito hadi aliyenipigia simu akaomba aongee na mwenye nyumba, akidhani amepokea mwanamume. Nikawa nasahau. Nilitia chumvi kwenye mboga, nikageuka kufunika chungu cha maharage, nikatia chumvi tena. Kutoka mlangoni mpaka barabarani nilisimama njiani kuvuta pumzi, mimi niliyekuwa nakwenda Mutuka kwa miguu.

Binti yangu, anayeishi hapa hapa mjini na mumewe, alinipeleka kwa daktari. Alikuwa kijana msafi, mpole, mwenye adabu. Aliniamkia shikamoo vizuri kabisa, kisha akamgeukia binti yangu.

"Bibi anasumbuliwa na nini?"

"Bibi yupo hapa," nikasema. "Na mdomo anao."

Akacheka, kama mtu anavyocheka mtoto mdogo akisema neno kubwa. Akanifunga kile kitambaa cha kupimia presha, akasema presha iko vizuri, akauliza umri. Nilipoutaja akaweka kalamu chini, na mpaka leo naikumbuka kalamu ile ilivyolala mezani. Kazi ilikuwa imekwisha.

"Ni umri tu, bibi yangu. Mwili umechoka. Apumzike, ale matunda, anywe maji ya kutosha."

Heshima nilipewa tele siku ile. Nilishikwa mkono kushuka ngazi, nilifunguliwa mlango, nilisogezewa kiti. Kipimo sikupewa. Na nyumbani ikawa hivyo hivyo. Mwanangu wa kwanza, anayefanya kazi Arusha, alipiga simu akasema, "Mama, umekula chumvi nyingi. Sasa kaa, tukulee." Binti akaja akachukua jembe langu akalitia kwenye gari la mumewe. Shamba wakalikodisha kwa jirani wa kule Mutuka bila kuniuliza zao gani lilikuwa bado ardhini. Kuku wangu wakauzwa kwa sababu eti wananichosha. Mahali pao pakaja kiti cha plastiki chenye mikono, kikawekewa mto, kikawekwa barazani. Chakula kikaanza kuletwa kwenye hotpoti, hata chai.

Nikiinuka kuchota maji, sauti zilitoka pande zote. "Bibi, acha! Bibi, kaa!" Jirani aliruka uzio kuninyang'anya ndoo. Kanisani niliwekwa mbele, sahani ikaletwa mapajani kabla sijaosha mikono. Miaka yote nilikuwa Mwalimu kwa watu hawa. Sasa nikawa Bibi hata kwa wanaume wenye mvi ambao sikumzaa mama yao wala baba yao. Walinipenda, sikatai. Kila aliyenipenda aliniongezea saa moja ya kukaa.

Na kinachoniudhi kuliko vyote ni kwamba niliwaamini. Nikaanza kujibu mwenyewe kabla hawajasema. "Unaendeleaje, bibi?" "Aa, uzee huu, mwanangu." Nilishika ukuta kwenda chooni, nikajiambia ndiyo desturi. Nililala mchana, nikaamka nimechoka zaidi, nikajiambia ndiyo umri. Nilifundisha watoto kuuliza kwa nini, nikawachapa waliobahatisha jibu, na mwili wangu mwenyewe sikuuliza swali hata moja.

Mavuno yalipokwisha, mwanangu akaja kutoka Arusha, na wala haikuwa Krismasi. Alikuja na lori la moramu. Wakaimwaga uwanjani, wakaisambaza na kuishindilia. Michongoma yangu ya upande wa barabara ikakatwa ili lango liwe pana, "gari liweze kuingia." Gari gani? Mimi sina hata baiskeli. Fundi kutoka Sigino akaanza kuchimba mashimo ya vyoo. Sebule ikapata marumaru zinazong'aa na kuteleza, nikawa natembea ndani ya nyumba yangu kama niko kwenye matope. Kaburi la mume wangu, nyuma ya nyumba, nalo likawekewa marumaru, na pembeni yake pakasawazishwa pakaachwa wazi.

Nilifurahi! Niseme tu. Wanawake wa mtaa walipita wakasimama langoni wakiniambia, "Mwalimu, umezaa!" Nami nikavimba kichwa kwenye kile kiti changu. Niliwaona watoto wangu wananikumbuka ningali hai.

Kisha binti akasema, "Mama, huna picha nzuri. Zote ulizonazo ni za zamani." Tukapanda bajaji kwenda mjini. Kabla ya picha nilitakiwa kununua kitenge kipya, nikampeleka kwenye duka la rafiki yangu, mama wa Kiislamu ambaye watu wake walitoka Tanga zamani na ambaye nimenunua vitambaa kwake tangu nilipokuwa mwalimu kijana. Amenizidi umri. Asubuhi anafungua duka mwenyewe, na kitambaa kikiwa rafu ya juu anapanda stuli kukishusha, akikataa katakata kushikwa mkono.

Nilimsalimia. Akaacha kukunja kitambaa.

"Hebu sema tena."

"Nasema, habari za siku nyingi?"

"Sauti hiyo si yako, Mwalimu." Akazunguka kaunta, akanigusa shavu kwa mgongo wa mkono. "Na uso huu umevimba. Jua lote hili umevaa sweta?"

"Uzee, mwenzangu."

Alikasirika. Nilimwona akikasirika kweli, akaniachia shavu. "Uzee wa nani? Mimi nimekutangulia. Mbona mimi sina baridi? Wanasema utu uzima dawa, wewe umeufanya ugonjwa!" Akanieleza habari za dada yake. Alisikia baridi hivi hivi, akawa anasahau, akapoteza sauti. Wanawe wakamweka chumba cha uani wakisema akili zimechoka. Kumbe ilikuwa tezi ya shingo. Sasa anameza kidonge asubuhi na kugombana na wakwe zake wote. "Ugonjwa wako siujui, mimi nauza vitambaa," akasema. "Labda si huo. Lakini sauti yako naijua. Kapimwe."

Binti yangu alikuwa ameshachagua kitenge. Tukaenda kupiga picha. Mpiga picha akaniambia, "Bibi, usicheke sana," na binti akasema, "Tulia hivyo hivyo, mama, umependeza."

Jioni nikamwambia mwanangu nataka kwenda kupimwa tezi ya shingo. Alikuwa anaangalia mafundi wakifunga milango ya vyoo. Alinijibu kwa upole, ule upole ambao sasa nikiusikia popote damu inanichemka.

"Mama, kwa nini ujitese na sindano? Daktari alishasema ni umri. Na kwa sasa hela yote imeingia kwenye ujenzi. Tukimaliza tutaona."

Mgonjwa wa baridi ile hata ugomvi humshinda.

Siku iliyofuata mwanangu alikwenda mjini kufuata rangi. Fundi akabaki uwanjani na futi yake ya kupimia, akipima kutoka ukutani hadi kwenye mparachichi tulioupanda mimi na mume wangu. Akaja barazani, akavua kofia.

"Shikamoo, mama. Huu mparachichi tuukate leo au tumsubiri bosi?"

"Nani kasema ukatwe?"

"Bosi. Anataka maturubai mawili yaingie bila kugusa matawi."

"Maturubai ya nini? Kuna harusi?"

Fundi akautazama mparachichi, akaitazama futi, akaanza kuikunja taratibu. Nilirudia swali. Alikuwa mtu mwema, hakuweza kunidanganya wala kunijibu, basi akatafuta namna ya kunifariji.

"Usiwe na wasiwasi, mama. Hata sisi kule Sigino tulifanya hivi hivi kwa mzee wetu. Tukawahi. Watu walipokuja walikuta pazuri kabisa, hakuna aliyetusema."

Tukawahi.

Nilikaa kwenye kiti changu cha plastiki na kila kitu kikajipanga. Lango pana ni la gari la maiti. Moramu ni ya viti vya waombolezaji. Vyoo ni vya umati. Picha ile nisiyotakiwa kucheka ni ya kuweka juu ya jeneza, na pale pembeni ya mume wangu palipoachwa wazi ni pangu. Na nisijifanye mgeni wa mambo haya. Nimekaa jikoni kwenye misiba mingi Babati, nikimenya vitunguu na wanawake wenzangu, nikisikia, "Watoto wamejitahidi, umeona vyoo?" Au, "Mtoto ana gari Arusha, mama yake kafia kwenye nyumba ya udongo!" Ndivyo tulivyo. Mzazi akianza kuinama, watoto hukimbilia saruji, kwa kuogopa midomo. Anaweza kukohoa damu na hakuna atakayeuliza, ila ukuta wake utapigwa plasta. Nami nilikuwa mmoja wa midomo hiyo.

Mwanangu aliporudi na rangi nilimwita, nikampigia simu na dada yake aje. Niliwaketisha sebuleni juu ya marumaru zao. Sauti yangu ilikuwa nzito na ya kukwama, nikaitumia hivyo hivyo.

"Vyoo viwili. Mimi nitaingia kipi?"

Binti akaanza kulia papo hapo, kwa hiyo nikajua naye alijua. Mwanangu akasema, "Mama, sisi tunakuheshimu. Hatukutaka uaibike."

"Niaibike nikiwa wapi?"

Kisha akasema neno ambalo nadhani alikuwa amelibeba muda mrefu. "Msiba wa baba mvua ilinyesha. Watu walisimama kwenye tope. Choo kilijaa, wageni wakaenda kuomba kwa majirani. Mpaka leo nikija Babati nasikia kama wananitazama kwa ajili ya siku ile. Nikaapa kwako haitatokea."

Nilimwonea huruma, nisiseme uongo. Lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko huruma na nikaiacha itoke. Nikamwambia, kwenye kifo cha baba yake yeye amekumbuka tope. Nikamwambia, "Unajua maturubai mangapi yanaenea uwanjani kwangu. Unajua kwa nini nasikia baridi? Umeuliza? Wewe umeshanikatia tamaa, la kuvunda halina ubani, unangoja tu wageni wafike. Mimi bado sijaoza!" Nikamwambia na fundi, aliyekuwa amesimama mlangoni hajui aende au akae, kwamba atakayeugusa mparachichi wangu nitamzika yeye pale palipoachwa wazi.

Asubuhi niliita bajaji mwenyewe. Rafiki yangu alifunga duka siku ya soko, jambo ambalo sijawahi kuliona, akanisindikiza hadi hospitali nyingine. Safari hii daktari alikuwa mwanamke. Kabla hajafungua kinywa nikamwambia, "Daktari, umri wangu umeandikwa hapo. Naomba usiutumie kunijibu." Alinitazama kidogo, akavuta kiti chake karibu, akaanza kuniuliza mimi: baridi, choo, nywele, usingizi, sauti. Akanishika shingo kwa vidole viwili na kuniambia nimeze mate. Damu ikatolewa, ikapelekwa kupimwa Arusha.

Jibu liliporudi, alinieleza kwa Kiswahili cha kueleweka. Tezi ya shingo ilikuwa karibu imelala kabisa, na kwa muda mrefu. Akasema ugonjwa huu huwapata hata wasichana, isipokuwa wao wakisema wanasikia baridi, watu huwasikiliza. Akasema ningeachwa hivyo ipo siku wangekuja kuniamsha nisiamke. Nilimfikiria fundi. Wangekuwa wamewahi.

Sasa nameza kidonge kidogo kila asubuhi kabla ya chai, na nitameza mpaka mwisho. Baridi ndiyo iliyotangulia kuondoka. Siku moja nilivua sweta bila kufikiri nikaiona imelala kitandani. Kisha tumbo. Kisha sauti, rafiki yangu akaisikia kwenye simu akapiga kigelegele dukani kwake. Maneno yaliyokuwa yakinipotea yakarudi, nayo mengi nimeyatumia kuwasema wanangu.

Miguu ndiyo iliyokawia. Nilirudi kwa daktari kulalamika kwamba kidonge hakifanyi kazi miguuni. Akanikandakanda mapaja, akasema kidonge kimeshafanya kazi yake, hii ni misuli iliyolegea kwa kukaa. Basi nilikuwa na magonjwa mawili. Moja lilitoka mwilini mwangu. La pili nililetewa barazani likiwa na mto.

Nilijifunza kutembea upya, kutoka mlangoni hadi barabarani, kutoka barabarani hadi kwa jirani, yule aliyeruka uzio kuninyang'anya ndoo, na alipoanza "Bibi, kaa!" nilimwambia akae yeye. Shamba la Mutuka nilisubiri aliyelikodi avune, nikalichukua. Jembe binti yangu alilirudisha mwenyewe, akaliegemeza ukutani. Yeye nimeshaanza kumsamehe. Choo cha wanaume nimekigeuza banda la kuku, na uwanja wa waombolezaji unafaa sana kuanikia mbaazi. Ile picha naitazama kila siku sebuleni: mwanamke aliyevimba macho, aliyetulia kama alivyoambiwa. Wageni wanaisifu.

Mwanangu bado hajaomba radhi. Anapiga simu kila Jumapili, anauliza nimeamkaje, nasikia anaogopa. Lakini nimeletewa maneno kwamba huwaambia watu, "Mama siku hizi amekuwa mkali, unajua tena wazee." Hata hasira yangu wameipa umri! Nilikuwa mkali nikiwa na miaka ishirini na mitano, waulize wanafunzi wangu.

Juzi nilikuwa natoka Mutuka kupalilia, jembe begani, nikapita kwa jirani yangu mmoja, mzee aliyewahi kuwa dereva wa malori. Lango lake lilikuwa limepanuliwa. Lori lilikuwa linarudi nyuma na mwanawe wa kiume alikuwa akiliongoza kwa mikono, "Rudi, rudi, hapo hapo, mwaga!" Moramu ikamwagika, vumbi likapanda. Mzee alikuwa barazani kwenye kiti cha plastiki chenye mikono, blanketi mapajani, anatabasamu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Umewaona vijana? Wananitengenezea nyumbani."

Nikatazama miguu yake. Ilikuwa imevimba, mikanda ya kandambili imezama kwenye nyama.

"Miguu hiyo imeanza lini?"

"Aa, Mwalimu," akasema, akaifunika kwa blanketi. "Uzee huu."

Nikaliegemeza jembe ukutani. Mwanawe alituona, akaja mbio na kiti ili bibi akae.

"Siketi," nikamwambia, kisha nikamgeukia baba yake. "Viatu vyako viko wapi? Vaa, tunaondoka."